"Mfumo unasema sina ruhusa": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majukumu na ruhusa kwenye ERPNext

ERPNext, programu ya kuendeshea biashara (mauzo, stoo, manunuzi na hesabu), ilitengenezwa Mumbai, India, na kampuni ya Frappe, na ni programu huria chini ya leseni ya GPL toleo la 3. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake bila kulipia leseni, na biashara nyingi zimefanya hivyo. Fundi anakuja, anaiweka, anakabidhi nywila ya Administrator, akaunti kuu ya mfumo, kwenye karatasi, anaondoka. Kuanzia siku hiyo anayebaki kuulizwa "mbona imenikatalia?" ni mhasibu, au mtoto wa mwenye duka, au yeyote aliyeonekana anajua kompyuta kuliko wenzake. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya huyo.

Majina ya menyu na vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndiyo utakayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Role nimeiita jukumu. User Permissions nimeziita mipaka, na sababu utaiona kwenye swali la pili.

Mfanyakazi ananiambia "imenikatalia". Nianzie wapi?

Anzia kwenye skrini yake, siyo yako. Mwambie asifunge ujumbe, au aupige picha akutumie WhatsApp, kisha uusome mpaka neno la mwisho. Watu wengi huona wekundu wakabonyeza kufunga, na jibu lilikuwa palepale.

Ujumbe ukitaja aina ya hati peke yake, kwa mfano "Insufficient Permission for Sales Invoice", tatizo liko kwenye jukumu: hakuna jukumu lake hata moja linalomruhusu kufanya jambo lile kwenye hati ile. Ujumbe ukisema hati fulani haifunguki kwa sababu imeunganishwa na kampuni fulani, au stoo fulani, ukataja hadi jina la stoo yenyewe, tatizo liko kwenye mipaka. Na kama hakuna ujumbe wowote, ila kitufe hakipo au sehemu ya kujaza haionekani, angalia viwango vya ruhusa au mtiririko wa idhini. Hivyo vyote vinafuata hapa chini.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, jiulize kwanza ni mlango upi uliofungwa. Kila mlango una ufunguo wake, na ufunguo wa mlango mmoja haufungui mwingine hata ukiuzungusha siku nzima.

Kuna "Role Permissions Manager" na kuna "User Permissions". Si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tumepotea. Majina yanafanana lakini kazi zao zinapingana.

Jukumu, ambalo ruhusa zake hupangwa kwenye "Role Permissions Manager", linaongeza. Mtu akiwa na jukumu moja linaloruhusu kusoma oda na jingine linaloruhusu kuziandika, anasoma na kuandika. Hakuna jukumu linalompunguzia mtu kitu alichopewa na jingine.

"User Permissions" inapunguza. Jina lake linakudanganya ufikiri unampa mtu kitu, kumbe unamwekea ukuta. Mtu asiye na mstari wowote pale anaona kampuni zote, stoo zote na wateja wote ambao majukumu yake yanamruhusu. Ukimwandikia mstari mmoja tu, Warehouse ya Morogoro, umesema: katika stoo zote, huyu ataona Morogoro peke yake. Ndiyo maana ninaziita mipaka. Mtu aliyezuiwa na mipaka, hata umrundikie majukumu yote yaliyomo kwenye mfumo, atabaki amezuiwa.

Nimempa keshia "Sales User" lakini haoni ankara za mauzo. Kwa nini, wakati ankara ni mauzo?

Kwa sababu ERPNext inaihesabu Sales Invoice kuwa hati ya uhasibu. Inavyokuja kutoka kiwandani, "Sales User" anapata oda ya mauzo na hati ya kupeleka mzigo, lakini ankara iko mikononi mwa "Accounts User" na "Accounts Manager".

Njia ya mkato ni kumpa keshia "Accounts User". Usiifuate bila kufikiri. Jukumu hilo linamfungulia pia malipo, Journal Entry na vitabu vya hesabu, na keshia hana kazi na vitu hivyo. Mimi hutengeneza jukumu jipya, nikaliita "Keshia", halafu kwenye "Role Permissions Manager" nikalipa Sales Invoice: kusoma, kuandika, kuunda, kuthibitisha na kuchapa. Kufuta hapana. Kisha nalipa ruhusa ya "Select" kwenye wateja, bidhaa, stoo na orodha za bei. "Select" inamwezesha kuchagua jina kwenye orodha bila kufungua faili lote la mteja. Ruhusa hii imekuwepo tangu toleo la 13 na haitumiki inavyostahili.

Kama mnauza kwa skrini ya POS, ile ya kuuzia kaunta, kuna mlango mwingine: fungua "POS Profile", uangalie kama jina la keshia limo kwenye jedwali la watumiaji wanaoruhusiwa. Kama wengine wamo na yeye hayumo, ruhusa zake zote za ankara hazitamsaidia pale.

Afisa rasilimali watu alikuwa anaona wafanyakazi wote. Tangu jana anajiona mwenyewe tu.

Ningepata shilingi mia kwa kila mara nilipopigiwa simu ya namna hii. Muulize: jana kuna mtu aliunganisha faili lake la Employee na akaunti yake ya kuingilia? Karibu kila mara jibu ni ndiyo.

Kwenye faili la Employee, chini ya sehemu ya kuweka akaunti ya mtumiaji, kuna kisanduku kidogo kiitwacho "Create User Permission", nacho huja kikiwa tayari na tiki. Ukihifadhi faili, mfumo unaandika wenyewe mistari miwili ya mipaka: mtu huyu aone Employee huyu tu, na Company hii tu. Kwa fundi wa karakana hilo ni jema, maana hatakiwi kuona faili za wenzake. Kwa afisa rasilimali watu au meneja ni kufungiwa nje ya kazi yake.

Dawa: fungua faili lake la Employee, ondoa tiki, hifadhi. Halafu nenda kwenye orodha ya "User Permission", chuja kwa jina lake, na uhakikishe mistari ile imetoka. Ukiikuta bado, ifute kwa mkono. Usiguse majukumu yake, hayana kosa.

Nataka kila tawi lione mambo yake tu. Nifanyeje bila kuharibu kazi?

Swali hili lina mengi, tulia nalo.

Kwanza amua ukuta unaujenga kwa kitu gani. Kama matawi ni kampuni tofauti zenye vitabu tofauti, tumia Company. Kama ni kampuni moja yenye stoo Buguruni, Morogoro na Dodoma, tumia Warehouse. Ukuta hufanya kazi pale tu hati inapokuwa na sehemu inayotaja kitu hicho. Ukimwekea mtu mipaka ya Warehouse, usitegemee imfiche wateja, kwa sababu faili la mteja halitaji stoo popote.

Pili, stoo kwenye ERPNext zimepangwa kama mti. Ukimpa mtu stoo mama, anapata na watoto wake wote. Usipotaka hivyo, weka tiki kwenye "Hide Descendants".

Tatu, mstari wa mipaka hushika hati zote usipouambia vingine. Kuna "Apply To All Document Types", na ukiiondolea tiki unapata "Applicable For", ambapo unachagua hati moja ambayo ukuta utaihusu. Mara nyingi unachotaka ni mtu asitoe mzigo kwenye stoo ya wenzake, lakini anapopigiwa na mteja aweze kuangalia kama Dodoma wana mabati. Hapo "Applicable For" ndiyo itakayokusaidia.

Nne, hati ambayo sehemu ya stoo imeachwa wazi itaonekana na kila mtu, kwa sababu haijataja stoo ya kuzuiwa. Kwenye "System Settings" kuna "Apply Strict User Permissions" inayoficha hata hizo. Iwashe kwa tahadhari: inashika mfumo mzima, na kesho yake utapigiwa simu na watu ambao jana hawakuwa na shida.

Tano, uhamisho wa mzigo kati ya matawi, ambapo karibu kila mtu hukwama. Mtunza stoo wa Buguruni ana mipaka ya Buguruni. Anaandika Stock Entry, hati ya kuhamisha mzigo, ya kupeleka Morogoro. Mfumo unamkatalia, kwa sababu mstari wa hati unataja stoo mbili, na moja si yake. Mipaka inakagua hadi mistari ya ndani ya jedwali.

Kuna anayekwenda "Customize Form" ya Stock Entry Detail na kuiwekea sehemu ya stoo inayopokea tiki ya "Ignore User Permissions". Inafanya kazi, ila sasa Buguruni anaweza kuandika kuwa Morogoro wamepokea mifuko 200 wakati lori bado liko Chalinze. Mimi napendelea stoo ya njiani. Tengeneza stoo ya aina ya Transit, wape wote wawili ruhusa ya kuiona pamoja na stoo zao. Buguruni anaweka tiki ya "Add to Transit" na kupeleka mzigo njiani. Ukifika, Morogoro anaandika Stock Entry yake ya kuutoa njiani na kuupokea kwake. Kila mmoja anasaini kwa mikono yake kile alichokigusa, na mfuko ukipungua unajua umepungulia upande gani wa safari.

Anafungua hati, anaijaza, lakini kitufe cha kuthibitisha hakipo.

Hati za biashara kwenye ERPNext zina hali tatu: rasimu, iliyothibitishwa na iliyobatilishwa. Kila kuvuka kunahitaji ruhusa yake. "Write" inakupa kuhifadhi rasimu, "Submit" kuthibitisha, "Cancel" kubatilisha, na "Amend" kuichukua iliyobatilishwa ukaitengenezea nakala ya marekebisho. Mfumo hauruhusu kumpa mtu "Cancel" bila kuwa na "Submit".

Kitufe cha "Submit" kisipokuwepo, angalia tiki hiyo kwenye "Role Permissions Manager". Ikiwa ipo na bado kitufe hakionekani, kuna Workflow. Hati ikishawekewa mtiririko wa idhini, "Submit" huondoka na nafasi yake inachukuliwa na "Actions". Nayo "Actions" haitakuonyesha hatua yoyote kama hali ya sasa ya hati haina njia iliyoruhusiwa kwa jukumu lako. Fungua Workflow yenyewe, tafuta mstari unaoanzia kwenye hali ile, soma jukumu lililoandikwa. Angalia pia "Allow Self Approval": isipokuwa na tiki, aliyeandika hati hawezi kuiidhinisha, hata awe mkurugenzi. Hilo si hitilafu, liache lilivyo.

Kuhusu "Cancel", nina ombi. Usiitoe kwa wepesi. Ankara iliyokwisha kutolewa risiti ya EFD, au iliyopita eTIMS kwa walio Kenya, ukiibatilisha ndani ya ERPNext hujaibatilisha kwa mamlaka ya kodi, TRA au KRA. Utabaki na vitabu visivyolingana na vya mamlaka, na wa kueleza ni wewe. Kurudisha mzigo kuna hati yake ya marejesho. Mfundishe mtu hiyo.

Mhasibu ana ruhusa zote lakini ankara ya mwezi uliopita haimkubali.

Hiyo si ruhusa ya jukumu. Kuna mtu amefunga hesabu hadi tarehe fulani, na ujumbe wenyewe utaitaja tarehe hiyo. Kufuli la hesabu liko kwenye "Accounts Settings", au kwenye faili la Company kwa matoleo mapya. La stoo liko kwenye "Stock Settings". Karibu na tarehe utaona jukumu linaloruhusiwa kupita. Kabla hujalifungua, muulize aliyelifunga.

Wauzaji wasione bei ya kununulia. Inawezekana?

Inawezekana nusu, nami nakuambia mapema ili usije ukaamini umefunga kumbe dirisha liko wazi.

Kila sehemu ya hati ina kiwango cha ruhusa, kuanzia 0 hadi 9. Kwa kawaida nyingi ziko 0. Kwenye "Customize Form" ya Item, ipeleke sehemu ya thamani ya ununuzi kwenye kiwango cha 1. Halafu kwenye "Role Permissions Manager" ongeza mstari wa kiwango cha 1 kwa wahasibu na meneja tu. Muuzaji akifungua bidhaa, sehemu ile haipo. Wengi husahau hatua ya pili, wakashangaa na meneja naye haoni. Kiwango cha 1 hakirithi chochote kutoka kiwango cha 0, lazima kiandikwe.

Tatizo ni ripoti. Salio la stoo na leja ya stoo hukokotoa thamani zenyewe, na hazikusikilizi umeficha nini kwenye faili la bidhaa. Nenda "Role Permission for Page and Report", chagua ripoti moja moja, uwaondoe wauzaji. Pitia na za faida ghafi. Hati za manunuzi nazo wasiwe na ruhusa ya kuzisoma. Ukimaliza, ingia kama muuzaji na uitafute bei ile kwa nia ya kuipata.

Anaona hati lakini ripoti haifunguki.

Ripoti inataka mambo mawili kwa pamoja: jukumu lake liwe kwenye orodha ya ripoti yenyewe, na awe na tiki ya "Report" kwenye hati ambayo ripoti imejengwa juu yake. Moja bila jingine haitoshi.

Kwangu kila kitu kinakwenda sawa. Kwake hakiendi. Au ni kompyuta yake?

Unaingia kama Administrator? Basi ulichoona si ushahidi. Administrator hakaguliwi, anapita milango yote bila kuulizwa. Ni sawa na mwenye nyumba kujaribu kama mlinzi anakagua wageni.

Tengeneza akaunti ya majaribio yenye majukumu na mipaka ileile ya huyo mtu, uingie nayo kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Kuanzia toleo la 15, Administrator anaweza kuingia kwa nafasi ya mtu mwingine kupitia "Impersonate" kwenye faili la User. Kuna pia ripoti iitwayo "Permitted Documents For User": unachagua mtu na aina ya hati, inakuorodheshea anazoziona. Ukibadilisha ruhusa na mtu bado haoni tofauti, mwambie achague "Reload" kwenye menyu ya jina lake, au atoke aingie upya, maana kivinjari hushikilia ya zamani.

Mteja anasubiri. Si nimpe tu majukumu yote, nitarekebisha baadaye?

Nilifanya hivyo, na bado linaniuma.

Ilikuwa biashara ya vifaa vya ujenzi, jumla na rejareja. Saa tano asubuhi, lori la mteja limepaki nje, vijana wameshapakia saruji, dereva anapiga honi. Dada wa kaunta anabonyeza "Submit" mara ya nne, wekundu uleule unarudi. Meneja akaniambia, "Fundi, mpe zote, huyu mtu aondoke." Nikamwekea tiki majukumu yote. Ikakataa. Nikafuta na mipaka yake yote. Ikapita, lori likaondoka, nami nikaenda kushughulikia jingine. Sikurudi kurekebisha.

Jioni nilipoitazama ankara ile kwa utulivu nikaona kosa. Kati ya mistari sita, mmoja, wa misumari, ulikuwa umejijaza stoo ya tawi jingine, kwa sababu ndiyo iliyowekwa kama stoo ya kawaida ya bidhaa hiyo. Ilitakiwa kubadilisha neno moja kwenye kisanduku kimoja. Ujumbe ulikuwa umeitaja stoo ile kwa jina tangu mara ya kwanza.

Wiki kadhaa baadaye kukaonekana marekebisho ya hesabu ya stoo yaliyopunguza mabati, yamefanywa kwa akaunti ya yule dada. Yeye anasema siku ile alikwenda kula, kompyuta ilikuwa wazi. Huenda ni kweli. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa sababu kwa ruhusa nilizompa aliweza kufanya lolote, na kwa hiyo alishukiwa kwa lolote. Angekuwa na jukumu la keshia peke yake, mfumo ungemtetea: hati ile isingefunguka kwenye akaunti yake, basi. Aliacha kazi mwezi uleule.

Kwa hiyo ukiniuliza, jibu langu ni hapana. Lori likisubiri, andika ankara ile wewe kwa akaunti yako, mteja aondoke, kisha tafuta tatizo. Na ujue kuwa "System Manager" peke yake hata haimpi mtu ankara: jukumu hilo ni la kusimamia watumiaji na mipangilio. Unakuwa umempa uwezo wa kubadilisha ruhusa za wote bila kumtatulia alichokuja nacho.

Watu watatu wanatumia akaunti moja. Kuna ubaya gani kama wanaaminiana?

Chini ya kila hati kuna kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, na saa ngapi. Akaunti ikiwa ya watu watatu, kumbukumbu ile haimsaidii yeyote kati yao siku ya ubishi. Faili la User lina pia idadi ya vipindi vya kuingia kwa wakati mmoja, ambayo kwa kawaida ni 2. Ndiyo maana wa tatu akiingia, wa kwanza anatolewa katikati ya kazi, halafu mnaita fundi kwamba "mfumo unatutoa toa". Na kwa kuwa programu yenyewe haikutozi kwa kila mtumiaji ukiwa na seva yako, akaunti ya ziada haina gharama ya leseni. Wafungulie.

Tumepandisha toleo. Ruhusa zimevurugika, na mambo ya mishahara hayaonekani kabisa.

Ni mambo mawili tofauti. La mishahara: kuanzia toleo la 14, lililotoka mwaka 2022, rasilimali watu na mishahara vilitolewa ndani ya ERPNext vikawa programu ya pembeni iitwayo Frappe HR. Kama fundi hakuiweka, hakuna ruhusa ya kurekebisha, kilichokosekana ni programu. Ikiwekwa, kuwa mkali na hati za mishahara: wazione wanaozishughulikia tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mshahara wa mtu ni taarifa yake.

La ruhusa: siku ya kwanza unapogusa ruhusa za hati yoyote kwenye "Role Permissions Manager", mfumo unanakili ruhusa zote za hati ile kwenye jedwali lake la pembeni, na tangu hapo unasoma nakala peke yake. Toleo jipya likija na ruhusa mpya kwa hati hiyo, hazikufikii. Kuna kitufe cha "Restore Original Permissions" kinachorudisha za kiwandani, lakini kinafuta kila ulichokibadilisha wewe kwenye hati ile. Piga picha ya skrini kwanza, rudisha, kisha weka zako upya moja moja.

Hana jukumu lolote la manunuzi lakini ameifungua oda ya manunuzi. Imevuja wapi?

Huenda aligawiwa. Hati ikigawiwa mtu kwa "Share", anaifungua hiyo moja hata kama majukumu yake hayamruhusu. Na ukimkabidhi mtu kazi kwa "Assign To" kwenye hati asiyo na ruhusa nayo, mfumo unamgawia wenyewe. Tazama upande wa kushoto wa hati, majina yako pale.

Mfanyakazi mpya akiingia anaona ukurasa mweupe wenye jina lake tu.

Hajapewa jukumu lolote la ofisini, kwa hiyo mfumo umemhesabu kuwa mgeni wa tovuti, "Website User". Mpe jukumu lake, hifadhi, atabadilika kuwa "System User". Ukiwa na wafanyakazi wengi wa kazi moja, tengeneza "Role Profile" ya keshia, ya mtunza stoo, ya mhasibu, uwape hiyo badala ya kuweka tiki moja moja kila mara.

Mtu ameacha kazi. Nifute akaunti?

Usifute. Ondoa tiki ya "Enabled" siku hiyohiyo, kabla hajafika kituo cha daladala. Jina lake litabaki kwenye hati alizoandika, na linatakiwa libaki. Kama alikuwa amepewa funguo za API kwa ajili ya kuunganisha programu nyingine, tengeneza mpya kwa akaunti nyingine kabla ya kuizima, ili muunganisho usikatike usiku.

Nimejiondolea ruhusa mwenyewe. Siwezi kurekebisha chochote.

Usihangaike. Mfumo haukubali kubaki bila "System Manager" hata mmoja, kwa hiyo kama si wewe, yupo mwingine mwenye jukumu hilo: mwambie akurudishie. Kama ni Administrator peke yake na nywila imepotea, mwenye kuifikia seva ataingia kwenye folda ya bench, pale ERPNext ilipowekwa, na kuandika `bench --site jina-la-saiti set-admin-password`, kisha nywila mpya. Ukishaingia, jirudishie jukumu lako, toka kwenye Administrator, na uendelee na kazi kwa akaunti yako yenye jina lako.